Je, Taarifa Zinatosha?

Wadau, leo tuache siasa kidogo tuongelee hesabu. Msikimbie!

Nani hakumbuki yale maswali ya basi lililotoka Dar saa mbili asubuhi na jingine likatoka Moshi saa tatu, eti yatakutana saa ngapi? Maswali hayo ni ya zamani kuliko mabasi yenyewe. Kuna mkusanyo wa mafumbo ya Kilatini unaohusishwa na Alcuin wa York, msomi aliyefundisha katika kasri la mfalme Charlemagne na kufariki mwaka 804. Humo mbwa anamfukuza sungura aliye futi 150 mbele yake. Mbwa akiruka futi 9, sungura anaruka 7. Kwa kila mruko mbwa anapunguza futi 2, hivyo atamkamata baada ya miruko 75. Basi kwa karne na karne mwanafunzi akawa anaulizwa kitu kimoja tu: jibu ni ngapi?

Wamarekani wakaja na swali la aina nyingine. Mtihani wao wa SAT, ulioanza mwaka 1926, mwaka 1959 uliingiza maswali ya kupima kama taarifa zinatosha. Hapo huulizwi jibu. Unapewa swali na taarifa mbili, kisha useme: ya kwanza pekee inatosha? Ya pili pekee? Mpaka ziunganishwe? Kila moja inajitosheleza? Au hata zikiunganishwa hazitoshi? Mwaka 1974 SAT iliyaondoa na kuweka maswali ya kulinganisha kiasi, ambayo hujibiwa haraka zaidi. Lakini GMAT, mtihani wa wanaotaka kusomea shahada ya uzamili ya biashara, ulioanza mwaka 1954 na kupewa jina hilo mwaka 1976, umeyang'ang'ania. Hata toleo jipya lililoanza mwaka 2023 linayo.

Haya, jaribuni hili. Basi limekwenda mji fulani na kurudi kwa njia ileile. Wastani wa mwendo wake kwa safari nzima ni upi? Taarifa ya kwanza: lilikwenda kwa kilometa 60 kwa saa. Ya pili: lilirudi kwa kilometa 40 kwa saa.

Wengi watasema hazitoshi, maana umbali hatujaambiwa. Wengine watarukia 50. Wote wamekosa! Kila taarifa pekee haitoshi, lakini zikiunganishwa zinatosha. Chukua umbali wowote, tuseme kilometa 120: saa 2 kwenda, saa 3 kurudi, kilometa 240 kwa saa 5, wastani 48. Badili umbali upendavyo, bado ni 48.

Sasa badili taarifa ya pili iwe: kurudi kulichukua saa moja zaidi. Kama kwenda kulichukua saa 2, wastani ni 48. Kama ni saa 1, wastani ni 40. Majibu mawili, kwa hiyo taarifa hazitoshi. Siri ni hiyo: pima kila taarifa peke yake kana kwamba hujaiona nyingine, kisha ziunganishe, na ukipata majibu mawili tofauti, acha kujidanganya.

Kwa nini nawasumbua na haya? Kwa sababu usiku mmoja niliandika habari ya ajali ya basi, na sentensi ya pili ikawa ile tuliyoizoea: chanzo ni mwendo kasi. Nilikuwa na nini mkononi? Jina la dereva na idadi ya majeruhi. Umbali sikuwa nao, muda sikuwa nao, hata shahidi aliyeona mshale wa spidi sikuwa naye. Dereva alikuwa amefariki, hakuweza kujibu. Watoto wake gazeti walilisoma.

Mwalimu angenipa sifuri, tena kwa haki. Siku hizi kabla sijapeleka habari kwa mhariri najiuliza swali lile la mwaka 1959. Mara nyingi jibu ni kwamba hazitoshi, na hapo narudi kupiga simu.