Bao Katika Njia ya Misafara: Maneno ya Mchezo Kutoka Pwani Hadi Kwihara

Makala haya yanahusu maneno machache ambayo mzee yeyote wa barazani anayajua, lakini ambayo mfasiri wa ofisini huyakosa pale anapoyahitaji. Ni maneno ya mchezo wa bao. Tumechagua kuyatazama tukiwa tumesimama Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora, kwa sababu historia ya maneno hayo haitengeki na historia ya njia iliyopita hapo.

Katika karne ya 19 Kwihara ilikuwa makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Pwani ndani ya himaya ya Unyanyembe. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaishia Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekwisha kukaa njiani zaidi ya siku 130 tangu watoke Pwani. Na kufika hakukuwa mwisho wa taabu. Mwaka 1871 vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya kwenda Ujiji, na misafara ikakwama. Livingstone na Stanley waliingia Kwihara pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley aliondoka kurudi Pwani tarehe 14 Machi, na Livingstone akabaki katika tembe akingoja wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Tembe hilo limehifadhiwa kuwa kumbukumbu.

Yafaa msomaji alitie maanani jambo hili la kungoja. Tumezoea kuifikiri njia ya misafara kuwa ni mwendo tu: mizigo vichwani, ngoma mbele, vumbi nyuma. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya maisha ya msafara ilikuwa ni kukaa. Watu walingoja mvua zipungue, walingoja vita vipoe, walingoja bidhaa kutoka Pwani. Watu wanaongoja huzungumza, na watu wanaozungumza hucheza. Hivyo kituo cha msafara kilikuwa pia darasa la lugha, na mchezo ulikuwa mojawapo ya masomo yake.

Tuanze na jina lenyewe. "Bao" ni la ukoo mmoja na "ubao", "mbao" na "kibao". Kwa asili lataja kipande kikubwa cha ubao. Kisha likataja chombo kilichochongwa mashimo. Kisha likataja mchezo unaochezwa juu ya chombo hicho. Halikuishia hapo. Mpiga bao ni mganga anayetazamia. Na katika mpira wa miguu timu hufunga bao. Neno moja limebeba chombo, mchezo, uaguzi na ushindi, wala wasemaji hawachanganyikiwi, kwa kuwa kitenzi kilichoambatana nalo huonyesha njia. Twacheza bao, twapiga bao, twafunga bao. Hili ni funzo la kwanza kwa mtunga istilahi: neno la zamani lenye maana nyingi si neno bovu, mradi limepewa kitenzi chake.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Shimo moja katika safu ya mbele ya kila mchezaji, ambalo kwa kawaida huchongwa mraba, huitwa "nyumba". Mchezo unapoanza nyumba ina kete sita, mashimo mawili yanayofuata yana kete mbili mbili, na kete 22 zilizosalia hukaa mkononi mwa mchezaji. Hatua ya kwanza, ambapo kete za mkononi huingizwa moja moja, huitwa "namua". Zikiisha mkononi, mchezo huingia hatua ya pili iitwayo "mtaji". Kusambaza kete pasipo kula ni "kutakata". Shimo la mwisho la safu ya mbele, kila upande, ni "kichwa". Na kichwa pamoja na shimo linalokifuata huitwa "kimbi". Kete zinazoliwa hazitolewi nje: huhamia upande wa aliyezila, zikaendelea kufanya kazi huko. Anayeshindwa ni yule ambaye safu yake ya mbele imebaki tupu, au ambaye hana tena mwendo wa kucheza.

Sasa tazama maneno mengine mawili. Kete ya mwisho ikianguka katika shimo tupu, zamu ya mchezaji imekwisha, na husemwa kuwa amelala. Na mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikamfikisha katika nyumba yake, ana hiari: aweza kusimama hapo, akaihifadhi nyumba na akiba yake, au aweza kuibomoa na kuendelea mbele. Kuendelea huko huitwa "safari". Nyumba, kulala, safari: hakuna mpagazi aliyefika Kwihara ambaye angehitaji kufafanuliwa maneno hayo. Hatusemi kwamba misafara ndiyo iliyoyazaa. Mchezo wenye nyumba ni wa Pwani na visiwa vyake. Tunalosema ni kwamba mchezo uliojengwa juu ya maneno ya namna hiyo ulikuwa mwepesi kufundishwa kwa mtu wa msafara, maana nusu ya kanuni alikuwa nazo tayari maishani mwake. Kila asubuhi kiongozi wa msafara aliamua jambo lile lile: tulale hapa na tulichonacho, au tubomoe kambi twende safari?

Wala bao halikukuta ardhi tupu bara. Wasukuma, jirani na ndugu wa Wanyamwezi, wana mchezo wao waitao isolo. Rwanda kuna igisoro, na Zambia kuna chisolo. Sikio lolote husikia kuwa majina hayo ni ya ukoo mmoja. Uganda kuna omweso, ambao M. B. Nsimbi aliuandikia kitabu mwaka 1968. Kwa hiyo mtu wa bara aliyeketi na mtu wa Pwani hakuonyeshwa kitu kigeni. Alionyeshwa kanuni nyingine za kitu alichokijua. Kusini nako, katika Malawi ya leo, mchezo huitwa bawo, na jina hilo linatuambia waziwazi lilikotoka: lilifuata njia za biashara baina ya Pwani na nchi ya Ziwa Nyasa.

Hapa twafikia suala la upatikanaji. Bao lililochongwa vizuri ni zito, na mpagazi aliyelemewa na mzigo wa tajiri wake hakuwa na nafasi ya kubeba gogo la starehe. Lakini bao laweza kuchimbwa ardhini kwa dakika chache. Kete za Pwani ni komwe, zile mbegu za kijivu zilizo laini; pasipo komwe, kokoto zafaa. Mahali penye miti ya mninga, kama ilivyo miombo ya Tabora, fundi aweza kuchonga bao la kudumu. Basi kitu pekee ambacho hakikupatikana kila mahali ni kanuni. Hizo zilikaa vichwani mwa watu, na zilisafiri kwa miguu ya watu.

Hiyo ndiyo nguvu ya bao, na hiyo ndiyo hatari yake. Mchezo usiohitaji duka huenea hata penye umaskini. Lakini mchezo usio na kitabu hufa pamoja na wajuzi wake. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912, msafara wa miguu ulipoteza kazi yake, na kungoja kule kwa miezi kukaisha. Baadaye zikaja karata, dhumna na drafti. Drafti hasa imekuwa mshindani mkubwa, kwani nayo yapatikana kwa urahisi: ubao uliochorwa miraba na vizibo vya soda vyatosha, na kanuni zake hujulikana kwa siku moja. Bao halikufa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alijulikana kuwa mpenzi wa mchezo huu. Lakini katika mabaraza mengi idadi ya watazamaji yaizidi sana idadi ya wale wanaoweza kueleza kwa nini mtu amekwenda safari badala ya kulala.

Yatupasa pia tukubali jambo lenye uchungu kidogo. Mojawapo ya kazi zinazoeleza kwa kina umahiri wa mafundi wa bao wa Zanzibar ni tasnifu ya Mholanzi Alex de Voogt, iliyotolewa Leiden mwaka 1995, nayo imeandikwa kwa Kiingereza. Maneno ya Kiswahili yamo ndani yake, yakiwa wageni katika sentensi za watu wengine. Mwalimu wa shule ya msingi anayetaka kufundisha hesabu kwa bao huenda akalazimika kutafsiri kutoka Kiingereza mambo ambayo babu yake aliyasema kwa Kiswahili.

Hasara hii haiko katika starehe peke yake. Michezo mipya yaja kila mwaka, nayo yadai maneno. Mwaka 1974 ilitolewa Marekani michezo ya namna mpya, wa kwanza ukiwa Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akawa mtu fulani katika hadithi. Mmoja wao huiongoza hadithi hiyo, na dadu huamua mambo yenye shaka. Mfasiri atauitaje mchezo huo? Akisema "mchezo wa kuigiza", msomaji ataelewa tamthilia ya jukwaani au ya redio, kwa kuwa maneno hayo yamekwisha kupewa kazi hiyo. Wahakiki wa fasihi wanalo neno "mhusika", na waigizaji husema "kuvaa uhusika". Kwa maoni yetu "mchezo wa kuvaa uhusika" waeleweka bila maelezo, na kiongozi wake aweza kuitwa "mwendesha mchezo".

Tatizo la pili ni gumu zaidi. Michezo hiyo hutofautiana kwa taratibu za kanuni, na utaratibu mmoja waweza kutumika kwa hadithi nyingi. Wafasiri hukimbilia "mfumo". Si kosa, lakini bao linatuonyesha njia fupi zaidi. Chombo ni kimoja, kanuni ni mbalimbali, na wachezaji huzitofautisha kwa kihusishi tu: bao la Kiswahili, bao la kujifunza. Hili la pili huanza kwa kete mbili mbili katika kila shimo, nalo hupewa wanaoanza. Hakuna aliyewahi kusema "mfumo wa bao wa wanaojifunza", na hakuna aliyepotea kwa kukosa neno hilo.

Tunapendekeza basi mambo matatu. Kwanza, walimu walio Tabora, Ujiji, Bagamoyo na kwingineko waandike maneno ya bao kama yanavyosemwa na wazee wa mahali pao, pamoja na tofauti zake, wala wasiyasahihishe. Pili, kamusi zetu zitoe maana ya kimchezo ya maneno kama namua, mtaji, takata, kimbi na lala kwa ukamilifu. Mfasiri wa uchumi anayelitumia neno "mtaji" kila siku angenufaika kujua kuwa barazani lina kazi nyingine. Tatu, mfasiri anayekutana na mchezo wa kigeni aulize kwanza barazani kabla ya kuunda neno ofisini.

Wapagazi waliongoja Kwihara hawakuacha maandishi. Walichotuachia ni lugha iliyozoea kusafiri na kufikia kwa wenyeji. Kete za bao, kama tulivyosema, haziondoki mchezoni: hubadilisha upande tu. Maneno hayana bahati hiyo. Yakiacha kutumika, hutoka nje ya bao kabisa, na hakuna zamu itakayoyarudisha.