KUMBE KUSINI KULIKUWA NA TRENI! Ya Nachingwea iling'olewa, ya Wales ikaokolewa na watu wa kujitolea

Songea hakuna treni. Mtu wa Songea akitaka kupanda treni inabidi apande basi kwanza mpaka Makambako, huko ndiko inakopita TAZARA. Watoto wengi wa Ruvuma treni wanaijua kwenye katuni tu, ile ya Thomas, kile kichwa cha bluu chenye sura ya mtu. Sasa basi, hiyo katuni ina uhusiano na stori ya leo, na stori yenyewe inaanzia huku huku Kusini, kwenye reli ambayo vijana wengi wa siku hizi hawajui hata kama iliwahi kuwepo.

Turudi nyuma kidogo. Vita ya pili ya dunia imeisha, Uingereza mafuta ya kula ni shida. Mwaka 1946 wakubwa wa London wakaja na wazo: tulime karanga Tanganyika, tena mashamba ya kufa mtu, zaidi ya ekari milioni 3. Maeneo yakachaguliwa matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ila Nachingwea iko ndani, mbali na bahari, na barabara za enzi zile mvua ikinyesha ndiyo basi tena. Ikabidi reli ijengwe. Ikaanzia Mkwaya, karibu na Lindi, ikaenda mpaka Nachingwea. Baadaye ikaunganishwa na Mtwara, ambako bandari mpya ya kina kirefu ilikuwa inajengwa. Ukipima kutoka Mtwara hadi Nachingwea ni zaidi ya kilomita 200, na likawepo pia tawi la kuelekea Masasi.

Karanga zenyewe, dah. Ardhi ya Kongwa kiangazi inakuwa ngumu kama saruji, matrekta yakafa, mvua zikagoma. Januari 1951 London wakanyoosha mikono, mradi ukafungwa na pauni milioni 36 zikawa zimeliwa na vumbi. Wengi stori hiyo wameisikia shuleni. Kitu ambacho walimu hawakuwa wanakimalizia ni kwamba reli ilibaki. Bandari ya Mtwara nayo ilikamilika 1954, karanga zikiwa zimeshasahaulika. Kwa hiyo Kusini ikajikuta ina reli nzima na bandari nzima, mzigo hakuna wa kutosha. Treni ikawa inakwenda kwa hasara mwaka hadi mwaka. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa miezi tu, Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaifunga. Kisha vyuma vikang'olewa.

Ndiyo hivyo. Iling'olewa, ikabaki tuta la udongo.

Na ona maajabu ya historia. Haikupita muda mrefu, mwaka 1964 vita ya ukombozi wa Msumbiji ikaanza ng'ambo ya mto Ruvuma, na wapiganaji wa Frelimo wakawa na kambi yao kubwa Nachingwea, kwenye moja ya mashamba yale yale ya karanga, Farm 17. Mzigo, watu, chakula, vyote vikawa vinapita Kusini. Reli ndiyo imeshaondoka!

Sasa ushike mwaka huo 1951, mwaka London ilipozika karanga. Mwaka huo huo, huko huko Uingereza, upande wa Wales, kulikuwa na reli nyingine inayokata roho. Inaitwa Talyllyn. Ni kareli kadogo, kama kilomita 12 hivi, na upana kati ya chuma na chuma haufiki hata sentimita 70. Ilijengwa miaka ya 1860 kubeba mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimboni. Desemba 1946 machimbo yakaporomoka na kufungwa, mzigo ukaisha. Unaona inavyofanana na Nachingwea? Reli ipo, kilichoileta hakipo.

Mwenye reli alikuwa mzee mmoja mwanasiasa, Sir Henry Haydn Jones, na alikuwa ameweka nadhiri kwamba yeye akiwa hai treni haitasimama. Akaiendesha kwa hasara mpaka alipofariki Julai 1950. Hapo kila mtu akajua kwisha habari.

Ila kuna mwandishi mmoja, Tom Rolt, akaita kikao Birmingham tarehe 11 Oktoba 1950. Wakaja watu kama 70. Si matajiri, si wakubwa wa serikali, na wengi wao hakuna anayewakumbuka kwa majina. Watu wa kazi zao za kawaida waliopenda treni. Wakakubaliana kitu ambacho duniani kilikuwa hakijawahi kufanyika: waichukue reli wenyewe na waiendeshe kwa kujitolea. Mjane wa marehemu akakubali kuwakabidhi, na tarehe 14 Mei 1951 treni ya kwanza chini ya hao watu wa kujitolea ikaondoka stesheni ya Tywyn.

Usidhani lilikuwa jambo la kupiga picha na kula biskuti. Reli ilikuwa imeoza vibaya. Majani yalikuwa yamefunika njia nzima, na mataruma ya mbao yamelika kiasi kwamba kilichokuwa kinazuia vyuma visitawanyike ni mizizi ya yale majani! Ukifyeka sana, treni inaanguka. Usipofyeka, magurudumu yanateleza. Vichwa vya treni vilikuwa viwili, vyote vya miaka ya 1860, na kilichokuwa kinatembea ni kimoja tu, jina lake Dolgoch. Wakanunua vingine viwili kutoka reli jirani iliyokuwa imefungwa, pauni 25 kila kimoja, bei ya kutupa. Walipokijaribu cha kwanza kikadondoka katikati ya njia, kwa sababu vyuma vilikuwa vimetanuka kuliko kipimo. Kwa hiyo kiangazi kizima bibi kizee Dolgoch akavuta peke yake.

Kazi yenyewe ikoje? Mtu anatoka mjini Ijumaa jioni, Jumamosi asubuhi yuko porini na koleo. Mnalegeza vyuma, mnachomoa taruma lililooza, mnaingiza jipya, mnapima upana, mnapigilia, halafu mnasindilia kokoto chini yake mpaka likae bila kucheza. Ukimaliza moja unakwenda la pili. Kilomita moja ya reli ina mataruma zaidi ya elfu, hesabu mwenyewe. Kuna mitaro ya maji ya kuzibua, maana adui mkubwa wa reli ni maji, wala siyo uzito wa treni. Kuna bwela la kuosha matope ndani. Kuna wa kuamka alfajiri kuwasha moto, kwa sababu treni ya mvuke haina swichi, inahitaji masaa kadhaa kupata joto. Na kesho yake Jumatatu huyo mtu anarudi ofisini na malengelenge mikononi, hajalipwa hata senti, na wiki ijayo anarudi tena. Mwaka 1953 mpaka wanajeshi wa akiba wa uhandisi walikwenda kusaidia kutandika njia upya, kama mazoezi.

Hapa ndipo Thomas anapoingia. Mchungaji aliyeandika vile vitabu, Wilbert Awdry, alisikia habari za Talyllyn akaenda kujitolea mwaka 1952, akapewa kazi ya gadi wa treni. Siku moja akapiga filimbi treni ikaondoka, kumbe mama muuza vinywaji ameachwa stesheni! Badala ya kuficha aibu akaitungia hadithi, na humo kwenye vitabu vyake ikazaliwa reli ndogo nzima iliyotokana na Talyllyn. Mwaka 1953 ikatoka pia filamu ya vichekesho, The Titfield Thunderbolt, ya wanakijiji wanaoendesha treni yao baada ya serikali kuifunga. Wazo limetoka huko huko. Talyllyn inatembea mpaka leo, bado kwa watu wa kujitolea, na nyuma yake reli nyingi Uingereza zikaiga.

Sasa kuna watakaosema: wazungu wana moyo wa kujitolea, sisi hatuna. Hapana bana. Hiyo si kweli, na ushahidi uko hapo hapo Songea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wachache wa TANU walikwenda Litowa, wilaya ya Songea, wakaanza kijiji cha kulima pamoja. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vikaunda chama chao, Ruvuma Development Association, na mpaka 1969 vilikuwa 17. Walijenga shule yao, wakavuta maji ya bomba, wakawa na mashine ya kukata mbao na ya kusaga mahindi. Hakuna aliyewashikia fimbo. Huu ni mkoa ambao babu zake walifanyishwa kazi ya shokoa na Wajerumani, na baba zake walisombwa kama manamba mpaka mikonge ya Tanga. Mtu wa Songea alijua vizuri sana tofauti ya kazi ya kulazimishwa na kazi ya kujitolea, na Litowa alijitolea kwa sababu mavuno na maamuzi vilikuwa vyake. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama kile, mitambo ikachukuliwa. Mikono ilikuwepo, kilichoondoka ni usemi.

Reli ya Nachingwea nayo hivyo hivyo. Ilipangwa London, ikafungwa na shirika, vyuma vikaondoka kama vilivyokuja. Mkulima wa Ruponda au Mtama hakuwa na kikao cha kuitisha kama kile cha Birmingham, wala hisa ya kukabidhiwa na mjane. Na tuwe wakweli, kilomita 200 si kilomita 12. Karani wa Birmingham ana mshahara, ana wikiendi, ana nauli. Mkulima wa Kusini mwaka 1962 akiacha shamba wiki mbili wanawe wanalala njaa. Kwa hiyo kulinganisha watu ni uonevu. Kinacholinganishika ni nani aliulizwa na nani hakuulizwa.

Kwa jirani zetu Nairobi kuna makumbusho ya reli tangu 1971, na pale kimehifadhiwa kichwa kikubwa cha mvuke kinachoitwa Mount Gelai. Gelai ni mlima wa Tanzania huo, upande wa Arusha, wa kwetu kabisa! Songea ina makumbusho ya Majimaji, na haki yake. Ya reli ya Kusini hata kibao tu pembeni ya tuta kingetosha kuanzia, na kupanda kibao hakuhitaji pauni milioni 36. Linahitaji watu kumi na majembe Jumamosi moja.

Hasa kwa wakati huu ambapo mpango wa reli ya kisasa kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, karibu kilomita 1,000, na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, umekuwa ukitajwa miaka na miaka. Ikijengwa, treni itafika Ruvuma kwa mara ya kwanza.

Mdau wa Nachingwea, Masasi, Mtama, Mtwara: kama babu au bibi yako aliwahi kupanda treni ile, au kufanya kazi kwenye njia, muulize leo leo. Nauli ilikuwa shilingi ngapi, stesheni ilikuwa wapi, siku vyuma vinang'olewa watu walisemaje. Halafu shuka hapo chini uandike.