Ngozi, Kanga na Nailoni: Historia ya Kifuniko cha Winda Chato

Winda, yaani kitambaa cha pamba anachofungwa mtoto mchanga ili kunyonya mkojo, ambalo siku hizi wengi huliita nepi, lina upungufu mmoja wa tangu asili: pamba hunyonya maji lakini haiyazuii. Katika Chato, wilaya iliyo kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, ambako akina mama wa Kizinza na Kisukuma huwabeba watoto mgongoni hata wakati wa palizi ya pamba, upungufu huo humlowesha mama mwenyewe.

Kabla nguo za dukani hazijaenea katika ukanda huu, mbeleko ilikuwa ngozi ya mbuzi au kondoo iliyolainishwa kwa mafuta, na mafuta hayohayo yaliizuia isipitishe maji upesi. Merikani, yaani kitambaa cha pamba kisichopaushwa kilicholetwa kutoka Marekani kupitia Zanzibar katika karne ya 19, na baadaye kanga, zilileta wepesi na usafi, kwa kuwa nguo hufulika ilhali ngozi haifuliki. Lakini papo hapo zilimvua mama kinga ya mgongo wake, na badiliko hilo lina uzito zaidi kuliko uvumbuzi wowote wa kiwandani uliokuja kuliziba pengo lake.

Uvumbuzi wenyewe ulianzia Uskoti, ambako Charles Macintosh alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, mwaka 1823, kwa kitambaa chenye utando wa mpira kati ya matabaka mawili. Jina lake lingali hai katika wodi za wazazi nchini Tanzania, ambako mpira wa kutandika kitandani huitwa makintoshi. Chupi za mpira za watoto, zilizovaliwa juu ya winda, zilizuia maji lakini zilifungia joto na kuchubua ngozi, hadi Marion Donovan wa Marekani aliposhona kifuniko chepesi kutokana na pazia la bafu mwaka 1946, akaweka vifungo vya kubana badala ya pini.

Chupi za namna hiyo, zenye lastiki kiunoni na mapajani, huitwa za nailoni, ingawa nyingi ni za plastiki tu, kwa kuwa katika Kiswahili cha mitaani nailoni ni plastiki yoyote laini. Ndani yake hukaa winda lililokatwa kutoka kanga kuukuu, iliyolainika kwa miaka ya kufuliwa. Pampasi, zilizopata jina kutokana na Pampers za mwaka 1961, zimeunganisha winda na kifuniko kuwa kitu kimoja cha kutupwa, ilhali chupi ya nailoni ya mtoto wa kwanza iliweza kufuliwa, ikaanikwa, ikamngoja wa pili.