Je, kiwanda kiache gari linalouzwa kidogo? Historia ya Land Cruiser

Kila kiwanda cha magari hufikia siku ambayo wakubwa wake hukaa mezani na kuuliza swali moja: gari hili haliuzwi tena kama zamani, tuendelee kulitengeneza au tuliache? Swali hilo huulizwa mbali sana na Kivu na Ituri, huko Japani, Marekani au Uingereza. Lakini jibu lake hufika mpaka kwenye barabara za Masisi, Walikale, Fizi na Shabunda. Huko mvua ikinyesha mfululizo gari dogo halipiti, na mgonjwa wa dharura hutegemea jipu moja tu. Kwa hiyo inafaa kutazama historia ya gari ambalo karibu kila familia ya mashariki mwa Congo imeliona, hata kama haijawahi kulinunua: Toyota Land Cruiser.

Gari lililozaliwa wakati wa shida

Miaka michache baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Toyota ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi waligoma, na mwaka 1950 Kiichiro Toyoda, aliyeianzisha kazi ya magari katika kampuni hiyo, akajiuzulu. Mwaka huohuo vita vya Korea vikaanza. Jeshi la Marekani likanunua malori ya Toyota, na Japani yenyewe ikaanza kutafuta jipu kwa ajili ya vikosi vyake vya ulinzi wa ndani.

Toyota ilichukua injini ya lori, ikaiweka kwenye gari dogo lenye magurudumu manne yanayovuta, na Januari 1951 gari la majaribio likatoka. Liliitwa BJ. Lakini zabuni waliyoitamani ilikwenda kwa Mitsubishi, iliyopata kibali cha kutengeneza jipu ya Willys ya Wamarekani. Toyota ikabaki na gari lisilo na mteja.

Wangeweza kuliacha hapo. Badala yake, mwaka huohuo wa 1951, dereva wao wa majaribio Ichiro Taira alilipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo hakuna gari lililokuwa limefika. Polisi wa vijijini wa Japani walipoona hivyo, wakaliagiza. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, kwa sababu neno Jeep lilikuwa mali ya Willys.

Moja tu kwa mwaka mzima

Toyota ilipofungua kampuni yake Marekani mwaka 1957, ilitegemea gari la familia lililoitwa Toyopet Crown. Mwaka 1958, mwaka wa kwanza wa biashara, iliuza Crown 287. Land Cruiser iliuzwa moja tu.

Mtu wa hesabu angesema: acheni hiyo jipu, wekeni nguvu kwenye Crown. Kumbe mambo yalikwenda kinyume. Crown ilitengenezwa kwa barabara za Japani za wakati ule. Kwenye barabara kuu za Marekani, ambako magari hukimbia kwa saa nyingi, injini yake ilichoka na kuchemka. Toyota ikalazimika kusimamisha mauzo yake. Kwa miaka kadhaa, mpaka Corona iliyotengenezwa upya kwa ajili ya Wamarekani ilipofika mwaka 1965, ni Land Cruiser iliyoshika duka. Wafugaji, wawindaji na watu wa milimani waliinunua kwa sababu haikuwaangusha. Gari lililouzwa moja kwa mwaka ndilo lililobakiza jina la Toyota Marekani.

Hilo ni somo la kwanza. Hesabu ya mwaka mmoja inaonyesha nani amenunua jana. Haionyeshi nani atakuokoa kesho.

Tawi la kazi na tawi la starehe

Kadiri miaka ilivyopita, Land Cruiser iligawanyika. Upande mmoja kukawa na magari ya starehe, yenye viti laini na kipoza hewa: mfululizo wa 60 mwaka 1980, kisha 80, 100, 200, na 300 mwaka 2021. Upande wa pili ukabaki ule wa kazi. Mfululizo wa 40 ulitengenezwa tangu 1960 mpaka 1984, na Novemba 1984 nafasi yake ikachukuliwa na mfululizo wa 70. Huo ndio watu wa Kivu wanaoujua zaidi: ile ndefu yenye mabenchi mawili nyuma, na ile yenye sanduku la mizigo.

Mfululizo wa 70 una zaidi ya miaka 40 sasa, na bado unatengenezwa. Chesisi yake ni ya chuma kizito. Injini iliyowekwa kwenye magari mengi ya mashirika ni ya mazutu, lita 4.2, silinda 6, bila turbo, iliyoanza mwaka 1990. Haitegemei kompyuta. Inavumilia mazutu yasiyo safi kuliko injini za kisasa, na fundi wa garaji ya kawaida anaweza kuifungua kwa spana zake. Katika nchi ambako safari ya kilomita 100 inaweza kuchukua siku nzima, ubora wa kwanza wa gari ni kurudi nyumbani.

Lakini gari hili nalo liliwahi kuachwa, tena nyumbani kwao. Toyota iliacha kuuza mfululizo wa 70 Japani mwaka 2004. Mwaka 2014 ikaurudisha kwa muda mfupi kuadhimisha miaka 30, kisha mwaka 2023 ikaurudisha tena. Huko Marekani iliyotokea ni Land Cruiser ya starehe. Mwaka 2020 ziliuzwa 3,147 tu katika nchi hiyo kubwa, kila moja kwa bei iliyozidi dola 85,000. Toyota ikatangaza kwamba mwaka 2021 ndio mwisho. Haikupita miaka mitatu, jina likarudi kwa gari jipya la mwaka 2024, dogo zaidi, lenye bei ya kuanzia chini ya dola 60,000. Maana yake, watu hawakulichoka jina la Land Cruiser. Wengi waliishindwa bei.

Waliofunga milango

Si kila kiwanda kilisubiri. Land Rover ya Uingereza ilianza mwaka 1948, wakati chuma kilikuwa haba, kama gari la muda la wakulima. Gari hilo la muda, ambalo baadaye liliitwa Defender, likadumu miaka 67, na zaidi ya milioni 2 zikatengenezwa. Tarehe 29 Januari 2016 la mwisho likatoka kiwandani Solihull. Sheria za moshi na za usalama zilikuwa zimelibana, na kulitengeneza kulihitaji kazi nyingi ya mikono. Defender mpya ilipokuja, ilikuwa gari jingine: la kisasa, la bei kubwa, lililojaa vifaa vya elektroniki. Mkulima na kituo cha afya cha kijijini hawakuwa tena wateja wake wa kwanza.

Huko Marekani, Ford ilitangaza mwaka 2018 kwamba itaacha karibu magari yake yote madogo na ya familia katika soko la Amerika Kaskazini, na kubakiza Mustang, malori madogo na jipu. Mwaka 2019 iliacha pia Flex, gari kubwa la familia lililofanana na jipu ya mjini, lililotengenezwa Oakville, Canada, na ambalo mauzo yake hayakufikia matumaini. Miezi michache baada ya tangazo lile la Ford, General Motors nayo ilitangaza mwisho wa magari yake kadhaa makubwa ya familia, likiwemo Chevrolet Impala.

Haifai kuwalaumu bila kuwasikiliza. General Motors ilikuwa imeonja uchungu wa kung'ang'ania kila kitu. Kwa miaka mingi ilikuwa na majina mengi yaliyogombania wateja walewale, na tarehe 1 Juni 2009 ikaomba mahakama iilinde dhidi ya wadai wake. Pontiac, Saturn na Hummer zikazimwa. Kila gari linalobakizwa hula nafasi kiwandani, hula muda wa wahandisi, hula fedha za kulipima upya kila sheria inapobadilika. Kiwanda kikifa, vipuri vya magari yote hufa nacho. Kwa hiyo kusema kwamba gari lolote lisiachwe si jibu.

Tofauti iko wapi?

Tofauti iko kwenye swali ambalo halimo katika daftari la mauzo: gari hili likiondoka, je, mwenye kulihitaji anapata jingine?

Familia ya Marekani iliyopenda Flex ilipata Explorer kwa muuzaji yuleyule wa Ford. Ilipoteza sura iliyoizoea, lakini haikukosa usafiri. Timu ya chanjo inayotakiwa kufika kijiji cha ndani kabisa haina uchaguzi wa namna hiyo. Likikosekana gari gumu, linalobaki ni pikipiki, au miguu, au mgonjwa kubebwa kwenye kitanda cha miti.

Wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, wagonjwa zaidi ya 3,400 waliandikishwa na zaidi ya 2,200 wakafariki. Chanjo ilitakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi kali ya chini ya nyuzi 60 chini ya sifuri. Watu zaidi ya laki 3 walichanjwa. Kazi hiyo ilihitaji friji, ilihitaji wahudumu wenye moyo, na ilihitaji pia magari yanayovuka matope. Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwa mara ya kwanza gari maalumu la kubebea chanjo kwa baridi. Lilikuwa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iliyofungwa friji ya lita 396.

Hapa ndipo hesabu ya viwanda inapokosea. Kiwanda huhesabu wanunuzi, hakihesabu wanaopanda. Ambulansi moja huandikwa kama gari moja lililouzwa. Haiandikwi kwamba katika miaka 10 ilibeba mamia ya akina mama waliokuwa na uchungu wa uzazi. Familia iliyokimbia vita na kulala chini ya turubai haimo kwenye orodha ya wateja wa Toyota, na huenda haitakuwamo kamwe. Hata hivyo ndiyo inayopata hasara ya kwanza gari la namna hiyo likikosekana.

Gari si malaika

Ni haki kusema upande wa pili pia. Land Cruiser ya kazi inakunywa mazutu mengi. Bei yake iko mbali na uwezo wa mkulima au mwalimu. Uimara uleule unaowapendeza waganga unawapendeza wenye silaha. Katika vita vya Chad na Libya mwaka 1987, magari ya Toyota yalitumika sana hata sehemu ile ya vita ikapewa jina la Toyota. Na wale wanaokaa kwenye mabenchi ya nyuma, wakitazamana, hawana ulinzi sawa na wa abiria wa mbele gari likipinduka.

Lakini historia inaonyesha kwamba gari la zamani linaweza kurekebishwa bila kuuawa. Nchini Australia makampuni ya migodi yalikuwa wanunuzi wakubwa wa mfululizo wa 70, na yalidai usalama zaidi kwa wafanyakazi wao. Mwaka 2016 toleo lenye kabini moja likaimarishwa, likaongezewa mifuko ya hewa, na likapata nyota 5 katika kipimo cha usalama cha nchi hiyo. Kiwanda kilibadilika kwa sababu mnunuzi mkubwa alifungua kinywa.

Huku kwetu wanunuzi wakubwa nao wapo: Umoja wa Mataifa, mashirika ya kiutu, wizara za afya. Mengi ya magari yao hupitia kampuni iliyoko Gibraltar, ambayo kazi yake ni kuyatayarisha magari ya Toyota kwa ajili ya misaada. Wakiomba mikanda kwa kila kiti cha nyuma, wakiomba vipuri vihakikishwe kwa miaka mingi, sauti yao ina uzito ambao sauti ya abiria haina.

Basi, je, kiwanda kiendelee na gari kubwa linalouzwa kidogo? Kama ni gari la mjini, na mwenzake yupo dukani, kiliache bila majuto na kihakikishe vipuri. Kama ni gari ambalo bila lenyewe kuna watu watakaobaki ng'ambo ya mto, kilibakize, kilirekebishe, na kiwaulize pia wale wanaolipanda bila kulinunua. Toyota iliwahi kuuza Land Cruiser moja kwa mwaka mzima Marekani na haikulitupa. Kufikia mwaka 2019 ilikuwa imeuza Land Cruiser milioni 10 duniani.