Santuri, Spika na Swali la Kipi Kianze Kubadilishwa

Baada ya kampuni ya Columbia ya Marekani kutoa santuri ya muda mrefu mwaka 1948, mpenzi wa muziki mwenye fedha za kubadilisha chombo kimoja tu kwa kawaida alishauriwa kuanza na spika, na ushauri huo ulikuwa na msingi, kwa kuwa spika, ambayo kazi yake ni kugeuza umeme kuwa mtikisiko wa hewa, hupotosha sauti kuliko amplifaya, yaani chombo cha kukuza nguvu ya sauti. Kampuni ya Acoustic Research, iliyoanzishwa mwaka 1954 na Edgar Villchur na Henry Kloss, iliupa ushauri huo nguvu zaidi ilipoonyesha kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya kasha dogo yaweza kufanya kazi ya springi na kutoa besi nzito.

Mawazo hayo yalipingwa kutoka Glasgow, Uskoti, ambako Ivor Tiefenbrun alianzisha kampuni ya Linn mwaka 1973 ili kuuza gramafoni ya Sondek LP12, iliyotengenezwa katika karakana ya uhandisi ya baba yake. Hoja yake ilikuwa nzito: sindano inayopita katika mfereji wa santuri huzalisha umeme hafifu mno, wa sehemu chache tu za elfu za volti, hivyo mtetemo wowote wa mota unaoifikia hukuzwa pamoja na muziki, na kile ambacho sindano haikukisoma hakuna amplifaya wala spika iwezayo kukirudisha. Linn ilisisitiza hata kwamba katika chumba cha maonyesho dukani kuwe na jozi moja tu ya spika, kwa maelezo kwamba spika zisizotumika nazo hutikisika na kuchafua sauti.

Inafaa kukumbukwa kwamba Acoustic Research yenyewe ilikuwa imetoa, mwaka 1961, gramafoni ambayo sahani na mkono wake vilining'inizwa pamoja kwenye springi, mbali na mtikisiko wa mota, muundo ambao LP12 iliufuata. Kwa hiyo pande zote mbili ziliielewa vyema hatari ya mtetemo, na zilichohitilafiana ni mahali pa kutanguliza fedha.

Diski ya leza (CD), inayohifadhi muziki kama namba na iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1982, iliidhoofisha hoja ya Glasgow, kwa sababu mashine ya bei nafuu iliweza kusoma namba zilezile zilizosomwa na ya bei ghali, pasipo ngurumo ya mota, na tangu hapo sababu kubwa ya tofauti kati ya nyumba na nyumba imekuwa spika pamoja na chumba zilimowekwa.