Ni Nani Aliyeandika Kadi?

Mwezi wa Julai mwaka 2022, mkanda wa ndondi uliuzwa kwa mnada huko Marekani kwa zaidi ya dola milioni 6. Ulikuwa mkanda wa ubingwa wa pambano lile ambalo Muhammad Ali alimshinda George Foreman mjini Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, katika uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël. Wazee wetu waliolisikiliza pambano hilo redioni wangali wanalisimulia.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa Desemba wa mwaka uleule, nyumba moja ya mnada mjini Bruxelles iliweka katika orodha yake mafuvu matatu ya watu, yaliyochukuliwa katika nchi yetu zamani za ukoloni. Bei iliyokadiriwa ilikuwa yuro 750 hadi 1000.

Tunapenda tuyatazame matukio hayo mawili pamoja, kwa maana yote mawili yanahusu Kongo, na yote mawili yanatuuliza jambo moja: kitu cha kale kinapata wapi thamani yake, na ni nani mwenye haki ya kukitaja bei?

Kwanza tuseme wazi kwamba kukusanya vitu vya kale si kosa. Wako watu wanaotafuta sahihi za waandishi na wafalme, barua, sarafu, jezi za wachezaji, sahani za muziki za zamani. Bila watu wa namna hiyo, vitu vingi vingalitupwa jalalani au kuliwa na mchwa. Mnada nao ni biashara yenye utaratibu wake. Kila kitu hupewa namba na maelezo katika orodha. Wataalamu hukadiria bei. Wanunuzi hushindana kwa kupandisha. Na yule aliyetaja bei ya juu kuliko wote, nyundo ya mnadi ikishagonga meza, kitu ni chake.

Lakini angalieni kinacholipiwa. Mkanda ule ni ngozi na chuma tu. Fundi anaweza kutengeneza mwingine unaofanana nao. Fedha zote zile zililipiwa maneno machache yanayoufuata: mtu fulani, mji fulani, tarehe fulani. Wakusanyaji hulijua jambo hili vizuri. Ndiyo sababu kabla ya kununua huuliza kitu kimetoka wapi, kimepita mikononi mwa nani, na ni karatasi gani inayothibitisha. Kitu kisicho na habari zake hushuka bei. Kwa hiyo anayeandika ile kadi ndogo ya maelezo ana nguvu kubwa kuliko tunavyodhani.

Sasa turudi kwenye yale mafuvu. Moja lilikuwa na jina: orodha ilisema ni la Mwinyi Mohara, mkuu wa Nyangwe katika Maniema, aliyeuawa mwezi wa Januari 1893 katika vita kati ya majeshi ya Leopold II na wakuu wa Kiarabu na Kiswahili waliotawala nchi ile. Nani aliliandika jina hilo? Waliliandika wale waliomshinda. Maelezo yao yalitaja siku aliyouawa na askari aliyemuua, kama mwindaji anavyoandika juu ya pembe za mnyama. Hayakutaja mama yake, wala watoto wake, wala mahali ambapo wangemlilia. Kadi ilikuwapo, lakini iliandikwa na mkono uliomkata kichwa.

Habari zilipotangazwa, vyama vya watu wenye asili ya Afrika huko Ubelgiji na watu wengine wenye dhamiri walipaza sauti, na mafuvu yaliondolewa katika mnada kabla ya siku ya kuuzwa. Hawakuwa na fedha za kushindana na wanunuzi, na hawakuhitaji kushindana. Walisema tu kwamba huyu ni mtu. Neno hilo lilitosha kusimamisha nyundo.

Sisi watu wa Lubumbashi tunapaswa kulisikia jambo hili kwa namna ya pekee. Tarehe 17 Januari 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walipigwa risasi porini, karibu na mji wetu, mahali panapoitwa Shilatembo. Miili yao iliharibiwa ili lisibaki kaburi la kuzuriwa. Hata hivyo ofisa mmoja wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kazi hiyo alichukua jino la Lumumba akaenda nalo kwao. Likakaa katika nyumba ya mtu kwa miaka mingi, kama kumbukumbu ya safari. Mwaka 2016 mahakama ya Ubelgiji ililitwaa, na tarehe 20 Juni 2022 likakabidhiwa kwa watoto wa marehemu mjini Bruxelles. Kisha jeneza lilizungushwa nchini, likapitishwa hapa petu Shilatembo, na tarehe 30 Juni likawekwa kaburini Kinshasa. Jino moja tu, na taifa zima likasimama. Mikononi mwa yule ofisa lilikuwa kitu cha kuonyesha wageni. Mikononi mwa watoto wake lilikuwa baba yao. Jino ni lilelile. Kilichobadilika ni nani analolitaja na kwa jina gani.

Kanisa lina desturi inayoweza kutusaidia kufikiri. Tangu zamani Wakristo wamehifadhi masalio ya watakatifu, na Kanisa limejua vizuri jinsi tamaa ya fedha inavyoweza kuingia humo. Ndiyo maana sheria yake, katika kanuni ya 1190, inakataza kabisa kuuza masalio matakatifu. Tena masalio huambatana na hati inayothibitisha ni ya nani. Tunaona humo mambo mawili pamoja: kuna vitu ambavyo havina bei kwa sababu ni mwili wa mtu, na kinachohifadhiwa lazima kihifadhiwe pamoja na jina lake.

Jambo hili la pili linagusa vitu ambavyo si mwili wa mtu, na ambavyo kuuzwa kwake peke yake si aibu. Tuchukue viti vya wakuu wa Baluba, vile vinavyobebwa na sanamu ya mwanamke. Mwezi wa Novemba 2010 kimojawapo kiliuzwa mjini Paris kwa zaidi ya yuro milioni 5. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kutambua, tangu miaka ya 1930, kwamba viti na sanamu kadhaa zenye nyuso ndefu na za huzuni zilichongwa na mkono mmoja au na karakana moja. Lakini wale waliozichukua hawakumwuliza mtu yeyote jina la fundi. Basi wakamwita kwa jina la kijiji ambako baadhi zilipatikana: Bwana wa Buli. Jina hilo limebaki katika majumba makubwa ya makumbusho ya dunia. Ikapita miaka mingi kabla ya wenyeji kuulizwa, nao wakataja jina: Ngongo ya Chintu, wa kijiji cha Kateba. Fundi ambaye kazi zake zinatamaniwa na matajiri angaliweza kubaki bila jina milele, kwa kukosa tu mtu wa kuuliza na kuandika mstari mmoja.

Mfano wa kinyume uko hapa Lubumbashi. Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1947, alichora historia ya nchi yetu juu ya magunia ya unga: wafalme wa kale, ukoloni, uhuru, kifo cha Lumumba. Kila picha aliiandikia maneno na kutia sahihi yake. Katika miaka ya 1973 na 1974 alimwuzia Johannes Fabian, mwalimu katika chuo kikuu chetu, picha zaidi ya mia moja. Lakini hakumpa picha peke yake. Alikaa naye akamweleza kila moja, kwa Kiswahili cha hapa Katanga, na maneno yake yakaandikwa. Mnamo mwaka 1981 Tshibumba alitoweka. Picha zile ziko Amsterdam, mbali na sisi, na hilo linatuumiza. Hata hivyo hakuna atakayeweza kuzieleza bila kumsikiliza yeye kwanza, kwa maana aliandika kadi yake mwenyewe. Sahihi ya mtu maarufu hutafutwa kwa sababu ni adimu. Sahihi ya Tshibumba ina faida nyingine: inamzuia mtu mwingine asiseme badala yake.

Vijana wapenzi, msidhani kwamba mambo haya yanawahusu wakuu na wachoraji tu. Katika nyumba za Katanga bado mnaweza kukuta msalaba mdogo wa shaba, wa namna ile ambayo wayeyushaji wa zamani, wale walioitwa walaji wa shaba, walimimina katika mchanga na udongo. Misalaba hiyo ilitumika katika biashara na katika mahari. Wachimbaji wa elimu ya kale waliofanya kazi huko Sanga, karibu na ziwa Kisale, mwaka 1957 na 1958, waliikuta makaburini pamoja na wafu. Mnaweza kukuta sarafu ya Katanga ya mwaka 1961, yenye msalaba huohuo upande mmoja na ndizi upande mwingine. Mnaweza kukuta sahani ya Jean Bosco Mwenda, mpiga gita ambaye Hugh Tracey alimrekodi huko Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Mnaweza kukuta kitabu cha kazi cha babu aliyefanya kazi Union Minière, au picha ya arusi ambayo hakuna tena anayejua majina ya waliosimama nyuma.

Vitu hivyo vina wanunuzi. Mtu hupita mtaani, huuliza vitu vya zamani, hutoa franga kidogo, na baada ya safari ndefu kitu kinatokea katika orodha ya mnada ng'ambo, kimeandikwa: Kongo, fundi hajulikani. Hatumhukumu mama anayeuza msalaba wa shaba ili mtoto asifukuzwe shuleni. Njaa haisubiri makumbusho. Lakini tunasema kwamba anayeuza bila kujua alicho nacho ameuza mara mbili: ameuza kitu, na ameuza habari zake bure. Tukumbuke pia kwamba nchi yetu ina sheria ya tarehe 15 Machi 1971 juu ya ulinzi wa mali za utamaduni, na kwamba kitu cha kale hakipaswi kuvuka mpaka bila ruhusa.

Wengine watasema dawa ni moja tu: Wazungu warudishe vyote. Kudai ni haki yetu. Rais Mobutu alidai mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1973, na kati ya mwaka 1976 na 1982 makumbusho ya Tervuren ilitoa vitu 114 kwa makumbusho ya Kinshasa. Lakini baada ya hapo, katika misukosuko ya nchi, baadhi ya vitu vilivyorudi viliibwa na kuuzwa tena. Mwezi wa Juni 2022 Mfalme Philippe alileta Kinshasa kinyago kikubwa cha Basuku kiitwacho Kakungu, kwa mkopo usio na mwisho. Tunashukuru, na tunaendelea kuuliza kwa nini mwenye mali akopeshwe mali yake. Lakini nyumba isiyojua kilichomo ndani haiwezi kulinda kilichorudishwa.

Kwa hiyo tunawaachia kazi, ninyi wa Kasomeno na wa parokia zote za mji. Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja achague kitu kimoja cha zamani nyumbani kwao, kwa ruhusa ya wazazi. Aandike katika daftari: ni kitu gani; nani alikitengeneza; kilikuwa cha nani; kilifikaje hapa; ni nani aliyesimulia habari hizi, na siku gani. Ikiwa ni picha, majina yaandikwe nyuma kwa kalamu ya risasi, polepole, kwa maana wino hupenya na kuharibu sura. Mwanzieni mzee aliye mkongwe kuliko wote, kwa sababu yeye ndiye hati ambayo hatutaipata tena.

Halafu mkikutana, jadilianeni: ni vitu gani nyumbani kwetu vinaweza kuuzwa shida ikija, na ni vipi ambavyo haviuzwi hata kidogo? Msikubaliane haraka. Wala msiondoke bila kukabidhi daftari hilo kwa mtu mmoja mwaminifu, awe mlinzi wake, na jina lake nalo liandikwe ukurasa wa kwanza.