Mtandao Ukizimwa, Nani Atakujibu?

Jioni ya 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima na haikurudi hadi tarehe 18. Anayejifunza kuandika programu, awe Kasese mjini au Bwera karibu na mpaka wa Kongo, alibaki na njia mbili za kuuliza: msaada uliomo ndani ya lugha ya kompyuta yenyewe, na mtu aliye jirani. Hata mtandao ukiwapo, bando lina gharama zake. Tangu Julai 2021 linatozwa ushuru wa asilimia 12. Basi inafaa kuuliza ni mila ipi ya msaada inayomtumikia vizuri mtu aliye mbali na Kampala, na inapokwama inakwamuliwaje.

Mila kongwe kati ya zile za kompyuta ni ya mfumo wa Unix. Mwongozo wake wa kwanza, wa Ken Thompson na Dennis Ritchie, una tarehe ya 3 Novemba 1971. Kurasa zake, zinazoitwa kwa amri ya man, ni fupi na nyoofu, na tangu mwanzo zilikuwa na sehemu ya watunzi kutaja kasoro za kazi yao. Ila zinamdhania msomaji analijua jina la anachokitafuta, na namba ya sehemu kilipo. Ukitaka fanksheni ya lugha ya C ukaandika man printf, kwa kawaida utaletewa amri nyingine yenye jina hilohilo. Dawa yake ni man 3 printf.

R, lugha ya kompyuta iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, inafuata mila ya watakwimu: onyesha kwa mfano. Andika example(mean), nayo itaendesha mifano mbele ya macho yako. Usipolijua jina, alama mbili za kuuliza hupekua kurasa zote za vifurushi vilivyomo kwenye mashine, bila intaneti.

Lugha ya Python iliingiza pydoc, inayoendesha help(), kazi ya Ka-Ping Yee, katika toleo la 2.1 mwaka 2001. Mila yake ni kukagua: unaipa kitu, inakieleza kwa maandishi ambayo mtunzi wake aliyaweka ndani ya msimbo.

Tuzipime hizi mbili za mwisho kwa swali moja: neno for lina kazi gani? Katika Python, help(for) hupigwa teke papo hapo kwa kosa la sintaksia. Katika R, ?for haisemi kitu. Inaonyesha alama ya + na kusubiri, na mgeni hudhani mashine imeganda. Kosa ni moja na dawa ni moja: neno liwekwe ndani ya alama za kunukuu, help('for') au ?"for". Kwenye R, bonyeza kwanza Esc au Ctrl na C ujitoe. Hapa Python inashinda kidogo, kwa sababu kosa linalopiga kelele ni rahisi kulitibu kuliko linalonyamaza.

Lakini Python nayo ina mitego. Maelezo marefu yakijaza skrini, mgeni hajui kutoka. Ni herufi q tu, na kwenye kidokezo cha help> ni quit. Ukiipa faili yako jina random.py kisha ukaomba help('random') ukiwa katika folda hiyohiyo, utasomewa kazi yako mwenyewe badala ya ile ya Python. Badilisha jina la faili. Na ukianzisha Python kwa -S, help haitakuwapo kabisa.

Mila ya nne haina toleo wala namba: ni ya fundi na mwanagenzi wake, kama wale wa simu na redio kwenye vibanda vya mpakani Mpondwe. Fundi hajibu kabla ya kuuliza: ulikuwa unataka kufanya nini? Mifumo yote mitatu haijui kuuliza hivyo. Ila fundi akivuka kwenda Kasindi, upande wa Kongo, jibu huondoka naye, na asipoliandika halimfikii mwingine.

Uamuzi wangu ni kwamba Python ndiyo inayoziba pengo hilo kwa wepesi zaidi, kwa kuwa help() husoma maandishi uliyoyaweka ndani ya alama za kunukuu, mara tu chini ya jina la fanksheni. Maelezo ya lugha yenyewe ni ya Kiingereza, lakini yako si lazima yawe hivyo. Ukiandikia chama cha wakulima wa kahawa fanksheni ya kupiga hesabu ya kilo na bei, weka hapo chini mstari wa Kiswahili au wa Lhukonzo, lugha ya huko Kasese, useme inapokea nini na inarudisha nini. Andika leo, mtandao ukiwapo.